Kitenzi cha Mama Stéphanie

Mjini Kolwezi, mwenye lugha mbili hakosi kazi. Ukijua Kichina kidogo na Kifaransa kidogo, utaketi kiti cha mbele katika gari la kampuni ya shaba, kofia ya plastiki kichwani, ukiwaeleza watu nani amesema nini na kwa nini amekasirika. Modeste Mukalay alikuwa na lugha tano, na kazi aliyojichagulia ilikuwa kumtoa Mjerumani mmoja marehemu katika Kijerumani chake na kumwingiza katika Kiingereza. Majirani zake wa mtaa wa Manika walilijua jambo hilo na walimwonea mkewe huruma.

"Ile ni mambo ya Bazungu na Bazungu," alisema Tata Rémy, fundi wa redio aliyepakana naye ukuta. "Beko na treni, beko na ndege. Juu ya nini hawawezi kutafutana beye benyewe? Mupaka bapitie kwako?"

Modeste hakuwa na jibu fupi. Alikuwa na refu, na Tata Rémy alikwisha kulisikia mara mbili.

Modeste alizaliwa Kisenge, baba yake akipima madini ya manganizi kwenye mizani. Alipofika umri wa kusoma alipelekwa Sandoa kwa shangazi yake, na huko misheni kulikuwa na sista mmoja mzee, Mjerumani, aliyekuwa akipoteza macho. Sista alitaka mtu wa kumsomea barua za dada yake. Alimchagua Modeste kwa sababu moja tu: alikuwa na sauti kubwa kuliko watoto wote wa darasa. Mwaka wa kwanza Modeste alisoma bila kuelewa kitu, kama mtu anayesoma namba za gari. Mwaka wa pili alianza kucheka mahali panapochekesha. Alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa akimlaumu yule dada wa sista kwa kukosea sarufi. Kisha ikaja Lubumbashi, chuo kikuu. Kisha msaada wa masomo na miaka sita katika mji mdogo wa Ujerumani ambako mvua ilinyesha kana kwamba imeajiriwa. Kiingereza alikiokota Ndola, ng'ambo ya mpaka, alikofundisha wauguzi Kifaransa kwa miaka mitatu. Kilikuwa Kiingereza cha Ndola: chenye adabu, kisicho na haraka, kinachokuuliza kwanza umeamkaje.

Kiingereza hicho ndicho kilichompa kazi. Bi Pell, mhariri wa nyumba ndogo ya vitabu huko Uingereza, alisoma kurasa kumi alizopelekewa kwa majaribio na kuandika kwamba watafsiri wote waliotangulia walimfanya Ottokar Brehme azungumze kama mtu anayeumwa tumbo, lakini kwa Modeste alizungumza kama mtu mwenye akili anayeongea na jirani. Wakakubaliana kitabu kizima. Brehme aliandika kimoja tu, *Juu ya Msingi*, kurasa mia sita na arobaini, akafa kabla hakijakauka wino. Modeste alikitafsiri kwa miaka saba, asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, kwenye meza iliyofungwa mguu mmoja kwa waya.

Tatizo lilikuwa neno moja. Kijerumani kina neno ambalo ni udongo unaokanyagwa na papo hapo ni sababu ya jambo. Ukiuliza msingi wa nyumba, ni neno hilo. Ukiuliza kwa nini fulani amelia, ni neno hilo hilo. Brehme alilipenda neno hilo kuliko mkewe. Alilirusha juu, akalidaka, akalificha nyuma ya mgongo, na kila alipofanya hivyo Modeste aliguna kwa sauti aliyozaliwa nayo.

Mwaka wa tano wa kazi hiyo, mama mkwe alihamia nyumbani.

Mama Stéphanie Kanyinda alitoka Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi. Mumewe, Tata Kabemba, alifanya walichofanya majirani zake wengi: aliinua kitanda, akachimba chini yake kutafuta madini ya kobalti. Alichimba kutoka chumbani hadi chini ya jiko. Siku moja, saa nne asubuhi, kitanda, kabati na Tata Kabemba mwenyewe vilishuka pamoja kwa utaratibu mzuri, na watu wakamkuta huko chini amekaa juu ya godoro, mzima, akiomba ngazi. Nyumba ilipasuka kutoka mlangoni hadi paani. Tata Kabemba alikwenda Sandoa kwa kaka yake kulima mihogo, akaapa hatashika sururu tena. Mama Stéphanie alisema yeye hakuolewa na mihogo, akaja kwa binti yake Valérie.

Sasa, katika familia za Waluba waliotoka kaskazini mwa Katanga, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hamwelekezei neno moja kwa moja. Valérie, ambaye ndiye mke wa Modeste na muuzaji wa dawa katika famasi ya sokoni, alifunga pazia la kitenge kati ya sebule na chumba cha kulia. Upande huu akawa Modeste na Mjerumani wake. Upande ule akawa Mama Stéphanie na mboga zake. Pazia lilizuia macho. Masikio halikuyazuia hata kidogo, lakini adabu ilitaka kila neno lipite kwa Valérie, hata pale ambapo wote watatu walikuwa wamelisikia.

"Valérie," alisema Mama Stéphanie wiki ya kwanza, "uliza bwana yako. Ile anaguna, ni figo ao ni ule Muzungu?"

"Modeste, mama anauliza kama ni figo."

"Umwambie mama ni Mzungu."

"Mama, ni Muzungu."

"Nilisikia. Anasema nini leo?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Modeste alitafsiri kipande kidogo kwa Kiswahili, Valérie akakirudia, Mama Stéphanie akakisikiliza kwa mara ya pili huku akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, na mara nyingi alitoa uamuzi. Kuhusu ukurasa wa 88 alisema Muzungu huyo hakuwa na dada. Kuhusu sura nzima ya tano alisema ingetosha kuandika kwamba mtu asisubiri kuitwa. Valérie alichoka. "Mi ni poste?" aliuliza. "Beko hapa, hatua tatu, na mi njo natembeza barua!" Lakini hakuna aliyemwachisha kazi hiyo.

Kisha, mwaka wa saba, kurasa nyingine zote zikiwa zimekwisha, ukabaki ukurasa wa 411 aliokuwa ameuruka.

Kijerumani hupenda kuweka kitenzi mwisho. Unasoma nani, lini, wapi, kwa hali gani, ukibeba mzigo wote huo kichwani, na mwishoni ndipo unaambiwa alifanya nini. Sentensi ya ukurasa wa 411 ilikuwa na mistari thelathini na minne. Ilianza na ule msingi, ikauzungusha, ikaupambanua na misingi mingine minne, na ilipofika mwisho, mahali pa kitenzi, palikuwa na nukta. Brehme alikuwa amesahau kitenzi. Huenda alikuwa anaumwa, huenda aliitwa kula. Msingi ulikuwa pale, umepambwa kama bibi harusi, na haukuwa umefanya lolote.

Modeste alihesabu maneno kwa penseli. Alisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Alimwandikia Bi Pell akashauri waache nafasi tupu na maelezo chini ya ukurasa. Bi Pell alijibu siku hiyo hiyo: *Wasomaji wetu hawapendi mashimo. Kitabu kinakwenda kiwandani Ijumaa. Maliza.*

Ilikuwa Jumatano. Modeste aliguna mguno ambao Tata Rémy aliusikia ng'ambo ya ukuta, akapunguza redio.

"Valérie," alisema Mama Stéphanie, "leo ni figo."

Valérie alikuwa anavaa viatu kwenda kazini. Modeste akamweleza shida: kuna udongo, uko chini ya kila kitu, na mwandishi hasemi unafanya nini. Unabeba? Unashika? Unasimama?

Upande wa pili mchi ulinyamaza.

"Ambia bwana yako," alisema Mama Stéphanie polepole, "udongo haibebake nyumba. Nani alimwambia ile? Udongo inavumilia tu. Kama hakuna mutu anauliza udongo kitu, nyumba inasimama. Tata yako Kabemba, ye alianza kuuliza, na sururu. Basi, udongo ilimujibu."

Akaendelea kusema jambo jingine, lakini Modeste hakulisikia. Alikuwa ameshika kalamu. *Huvumilia.* Kitenzi kiliingia mwisho wa ile mistari thelathini na minne kama mguu kwenye kiatu chake. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, aliongeza sentensi mbili: kwamba msingi hudumu maadamu haujaulizwa, na kwamba aulizaye hujibiwa. Akautuma ukurasa kabla ya saa sita. Alijiambia kwamba mtu aliyekufa bila kitenzi anastahili kusaidiwa. Alijiambia pia kwamba atamweleza mama mkwe siku moja, kwa njia ya Valérie, wakati mzuri ukipatikana.

Wakati mzuri haukupatikana. Kitabu kilitoka, miezi ikapita bila neno, halafu barua pepe zikaanza. Profesa mmoja wa Kanada alisema amefundisha Brehme miaka ishirini na sasa ndipo ameelewa alikokuwa anakwenda. Jarida moja lilitoa toleo zima juu ya "mgeuko wa uvumilivu". Mtu fulani alichapa sentensi hiyo kwenye vikombe. Kila aliyemsifu Modeste alisifu ukurasa ule ule. Aliposomewa barua hizo, ile sentensi yenyewe ikirukwa, Mama Stéphanie aliuliza kupitia kwa Valérie kwa nini mtu anayesifiwa ana sauti ya mtu anayetafutwa.

Mara moja tu aliponea chupuchupu. Walimwalika azungumze kwa video na chuo kimoja cha Ulaya, saa tisa mchana. Alivaa koti, akasema vizuri nusu saa. Kisha kijana mmoja mwenye miwani aliinua mkono na kuuliza kwa unyenyekevu: katika Kijerumani chenyewe, kitenzi hicho ni kipi? Yeye katika nakala yake hakioni.

Modeste alifungua mdomo. "Swali zuri," alisema. "Swali zuri sana." Alipokuwa anasema "zuri" mara ya tatu, kioo kikawa cheusi. Feni ikazima. Nyumba ikanyamaza.

Kwa jirani redio iliendelea kuimba.

Modeste alitazama ukuta wa Tata Rémy, kisha pazia. "Valérie," alisema, "umwulize mama kama huko kwake kuna umeme."

"Mama, courant iko?"

"Courant ilikuwa inamusumbua," alisema Mama Stéphanie. "Mi nimechomoa waya. Kiingereza sisikie, lakini ile sauti yake niliisikia. Ni sawa sauti ya Kabemba siku nilimuuliza kabati iko wapi."

Baada ya hapo ilibidi Modeste amwambie Valérie ukweli, yeye angalau. Alimwambia wakiwa njiani kwenda famasi. Valérie alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikampitia kushoto na kulia.

"Uliiba maneno ya mama."

"Niliazima."

"Uliomba?"

"Ningemwombaje? Siruhusiwi kusema naye!"

"Na kuiba, unaruhusiwa?"

Valérie alitaka mama aambiwe siku hiyo hiyo. Modeste aliomba wiki moja. Wiki ilikuwa haijaisha ilipoingia barua pepe ya Daktari Gudrun Aschauer, mhariri wa karatasi zote alizoacha Brehme, mwanamke ambaye watu wa fani hiyo walimtaja kwa sauti ya chini. Ilikuwa na sentensi tatu. *Nimeuchunguza mswada wenyewe kwa lenzi. Ukurasa wa 411 hauna kitenzi. Nitakuwa Lubumbashi tarehe kumi na mbili na nitakuja Kolwezi kwa gari.*

Modeste alitayarisha uongo wa aina tatu na kuuandika katika daftari la shule ili asiuchanganye. Wa kwanza: aliona nakala ya pili Ujerumani, katika maktaba iliyoungua. Wa pili: yule sista wa Sandoa alikuwa na barua. Wa tatu ulihitaji kulia, na aliuacha akiba.

Daktari Aschauer alifika Jumamosi kabla ya saa sita, viatu vyake vimekuwa vyekundu kwa vumbi la barabara, mkononi kopo la biskuti. Alikuwa mrefu, amepita miaka sitini, na Kifaransa chake kilitoka neno kwa neno, kama mtu anayepanga matofali. Alikaa. Akanywa maji. Akafungua mkoba, akatoa picha ya ukurasa wa 411 na kuiweka mezani kati yao.

"Bwana Mukalay," alisema. "Wapi?"

"Bila shaka unakumbuka," alianza Modeste, "ile maktaba iliyo—"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Valérie," ilisema sauti, "juu ya nini sauti ya bwana yako inatokwa jasho mbele ya mugeni? Fungua dirisha."

"Dirisha iko wazi, mama."

Modeste alimtazama mkewe. Valérie alikuwa amekunja mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunga famasi na kuondoka na ufunguo. Basi yule aliyekuwa na lugha tano aliona zote zinamkimbia isipokuwa moja. Aliinamisha kichwa na kusema kwa Kiswahili, kuelekea sakafuni:

"Valérie, umwambie mama kwamba nimemkosea. Maneno aliyosema juu ya udongo, siku ile ya mchi, niliyatia katika kitabu cha Mjerumani. Watu wote wanadhani ni ya Mjerumani. Wanamsifu yeye, na mimi wananisifu, na mama hakuna anayemjua."

Valérie hakuyarudia. Hakukuwa na haja.

"Anazungumza na nani?" aliuliza Daktari Aschauer.

"Na mama yangu," Valérie alimjibu kwa Kifaransa. "Kitenzi chako kiko nyuma ya pazia, Madame." Na akamweleza yote, tangu kitanda cha Kasulo hadi Ijumaa ya kiwandani.

Kisha sauti ya Mama Stéphanie ikauliza:

"Alitia yote?"

"Modeste, ulitia yote?"

Modeste aliyakariri kwa Kiswahili, kichwa bado chini: udongo huvumilia, husimama kwa asiyeuliza, humjibu aulizaye.

"Haiko yote! Aliacha mwisho. Nilisema: udongo ilijibu Kabemba, na Kabemba alikasirikia udongo. Alikaa kule chini na alianza kuitukana, sawa udongo njo ilichimba. Ile njo kitu yenyewe. Mutu anaomba jibu, anapewa, anakasirika. Sasa ye aliacha ile, alibeba ya mbele tu! Kama unaiba, uibe muzuri."

Valérie alitafsiri. Daktari Aschauer alikuwa ameshatoa kalamu, akaandika nusu ya sentensi, akaiweka kalamu chini na kufunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika. Modeste alidhani analia. Alipoondoa mikono hawakujua bado kama alikuwa akilia au akicheka, naye pengine hakujua.

"Nimeandika kitabu juu ya kitenzi hicho," alisema kwa Kijerumani, akimwinamia Modeste. "Kurasa mia tatu. Kutoka tafsiri yako! Mswada niliufungua baadaye, kama mjinga. Nimepewa kiti cha uprofesa kwa ajili ya kitabu hicho. Nilikuja hapa nikiomba Mungu uwe umeona nakala ya pili."

"Iliungua," alisema Modeste haraka, kwa Kijerumani.

"Iliungua?"

"Inaweza kuwa iliungua."

Walitazamana. Kwa dakika mbili wasomi hao wawili walielewana kuliko watu waliosoma pamoja. Modeste angeandika makala fupi juu ya maktaba. Daktari Aschauer angethibitisha. Hakuna ambaye angeumia.

"Valérie," ilisema sauti. "Sasa banasema luga gani?"

"Kijerumani, mama."

"Basi beko banapanga kitu."

Pazia lilivutwa. Mama Stéphanie akaingia sebuleni, mdogo, mnene, kitenge cha kanisa kiunoni na mabaki ya sombe mikononi. Modeste aliruka kutoka kitini na kuugeukia ukuta. Hakukuwa na la kufanya. Adabu ni adabu. Mazungumzo yote yaliyobaki aliyafanya pua yake ikiwa karibu kugusa kalenda ya parokia, akiutazama mwezi wa Juni. Kwanza alimweleza Valérie, kwa Kiswahili, yale yaliyosemwa kwa Kijerumani: mgeni ameandika kitabu kizima juu ya kitenzi hicho.

"Ambia huyu mama," Mama Stéphanie alimwambia binti yake, akikaa kwenye kiti cha mkwe wake, "kitabu yake inasema nini?"

Daktari Aschauer alijaribu kusema ni jambo gumu. Mama Stéphanie alingoja. Ikabidi aeleze. Alieleza robo saa, matofali yakipangwa moja juu ya jingine: kwamba watu hudhani misingi ya maisha yao ina nguvu, ilhali ina subira tu, kwamba kuuliza sababu ya kila kitu ni kuipunguzia subira hiyo, kwamba hata hivyo mtu hawezi kuacha kuuliza. Valérie alitafsiri kwa Kiswahili cha famasi, kipimo kwa kipimo. Mama Stéphanie aliitikia kwa kichwa. Mahali pawili alisema, "Eeh, njo bile," yaani ndivyo.

Ilipokwisha alijipangusa mikono.

"Huyu mama alisoma muzuri," alisema. "Njo ile nilikuwa nataka kusema. Hakukosea kitu. Alikosea jina ya mwenye kusema, basi. Abadilishe jina."

Kwenye kalenda, Modeste alicheka. Alijaribu kukohoa, lakini kikatoka kicheko cha sauti yake yote, na Tata Rémy akapunguza redio. Daktari Aschauer aliposikia tafsiri alihesabu kitu kwa vidole, pengine miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, kisha akaomba biskuti moja ya zile alizoleta mwenyewe. "Kurasa mia tatu," alisema, "na hakuna hata mmoja unaokufa. Ni jalada tu."

Haikuwa jalada tu. Bi Pell alipoandikiwa alikaa wiki mbili bila kujibu, kisha akauliza swali moja: *Mashimo mengine uliyoziba ni mangapi?* Modeste aliapa hakuna, ingawa Valérie alimkumbusha ukurasa wa 230. Tuzo ya watafsiri ambayo ilikuwa imeanza kunong'onwa ikaacha kunong'onwa. Mwanazuoni mmoja aliandika kwamba mtu wa namna hiyo asipewe hata barua ya benki kuitafsiri, na mwingine akaandika kwamba siku zote alishuku, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka. Modeste alizisoma zote. Kwa siku kadhaa hakuguna kabisa, na ukimya huo ndio uliomtisha mkewe. Aliona haya, haya ya kweli. Asubuhi moja alimwomba Valérie amfikishie mama ombi la msamaha lisilo na maelezo ndani yake, na Valérie alilifikisha kama lilivyo. Mama Stéphanie alijibu kwamba alimsamehe tangu siku ya waya, alikuwa akisubiri tu aombe.

Toleo la pili la tafsiri lilitoka na maelezo chini ya ukurasa wa 411: *Mwandishi hakuandika kitenzi hapa. Kitenzi na sentensi tatu zinazofuata ni za S. Kanyinda, Kasulo.* Sentensi tatu sasa, si mbili. Ile ya hasira ya Kabemba iliingia mahali pake. Tata Kabemba alipoelezwa kwa simu huko Sandoa aliuliza kama Wajerumani wameambiwa pia kwamba godoro lilipona.

Baadaye watu walianza kumtafuta S. Kanyinda. Mmoja aliomba orodha ya vitabu vyake vingine. Mmoja alitaka kujua kama Kasulo ni shule ya fikra. Daktari Aschauer ndiye aliyepanga mkutano: Mama Stéphanie azungumze kwa video, kwa Kiswahili chake, na Modeste atafsiri papo kwa papo kwa Kijerumani. Simu iliwekwa kwenye chumba cha kulia, Modeste akakaa sebuleni na vifaa vya masikioni, Valérie akasimama mlangoni akiwaona wote wawili na kupitisha maswali.

Mama Stéphanie alizungumza dakika ishirini na hakusita. Alieleza habari za udongo, za wanaume, na za jinsi Tata Brehme alivyohitaji mtu wa kumwambia aende kulala. Ukumbi wa huko ulicheka mahali pazuri. Kisha profesa mmoja wa ndevu akauliza kama anaona tofauti kati ya kuvumilia kwa udongo na kuvumilia kwa mwanadamu.

Mama Stéphanie alifikiri. "Udongo haizeeke," alisema.

Modeste akalichukua. Alilitafsiri, akaongeza kidogo ili lisianguke bure, akaongeza tena kidogo juu ya wakati, juu ya mwili, juu ya jinsi subira ya mtu ina mwisho wake ndani yake. Alikuwa anapata moto.

"Valérie!" sauti ilipenya. "Uliza bwana yako. Mi nimesema maneno mbili. Juu ya nini ye iko anasema tu?"

Huko Ujerumani hawakujua Kiswahili, isipokuwa Daktari Aschauer, aliyekuwa amejifunza tangu safari ile. Akawageukia wenzake na kuwatafsiria. Ukumbi mzima ulisimama, ukapiga makofi. Modeste alivua vifaa vya masikioni, masikio yakiwa moto.

"Banapigia nani mikono?" aliuliza Mama Stéphanie. "Ni yangu ao ni yake?"

Valérie alimtazama mumewe. Mumewe akainua mabega.

"Mama," Valérie alisema, "hata ye hajui."

"Basi aulize," alisema Mama Stéphanie, na akaanza kumweleza profesa wa ndevu habari za magoti yake.